Sendofu ya dakika 42, faili la GB 11: video inapunguzwaje bila kuharibika?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha na video wa shughuli, niko Mbagala. Mwezi uliopita nilirekodi sendofu katika ukumbi mmoja wa Sinza. Nimeshahariri, imetoka dakika 42 kwa 4K, na faili ni GB 11 na ushee. Familia wanaitaka YouTube ili mjomba wa bibi harusi aliyeko Muscat na ndugu wengine wa London waione. Nimeipandisha siku tatu mfululizo, usiku, inafika asilimia thelathini inakwama na bando linaisha. Nimeizipu, haikupungua. Nikakata kipande cha dakika tatu nikamtumia mama wa bibi harusi WhatsApp, akanipigia akiuliza mbona mwanawe ana uso wa udongo. Nipunguze vipi bila kuiharibu?

Jibu: Pole kwa bando, dada yangu. Faili lako si zito kwa sababu sherehe ilikuwa ndefu, wala kwa sababu kamera yako ni nzuri. Ni zito kwa sababu ulipokuwa unatoa kazi kwenye programu ya kuhariri kulikuwa na kisanduku kimoja ulichokipita bila kukitazama, programu ikajichagulia yenyewe. Kisanduku hicho ni cha bitireti.

Bitireti ni idadi ya biti, zile chembe ndogo kabisa za data, zinazotumika kuhifadhi sekunde moja ya video. Ukubwa wa faili ni bitireti mara muda, basi. Watu wengi huilaumu 4K, lakini 4K yaweza kubanwa kwa Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) ikatoa faili dogo lenye picha ya hovyo, na 1080, ambayo ni picha yenye pikseli chache kuliko 4K, yaweza kupewa Mbps 50 likatoka dude zito lisilomfaidisha mtu. Tupige hesabu ya faili lako kurudi nyuma. Dakika 42 ni sekunde 2,520. Ukizidisha kwa Mbps 36 unapata megabiti 90,720. Gawa kwa 8, maana baiti moja ina biti nane, zinakuja MB 11,340. Ndiyo GB zako 11 na ushee. Kwa hiyo programu yako ilikupa Mbps 36 au karibu na hapo, na wewe hukuombwa ruhusa.

Hiyo 8 inawapiga chenga hata mafundi. Spidi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, bando huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Ukipima simu yako ukaona inapandisha kwa Mbps 3, usidhani ni MB 3 kila sekunde. Ni chini ya nusu ya MB moja. Kwa spidi hiyo faili lako lilihitaji saa nane na dakika 24 bila mtandao kuyumba hata mara moja. Na soma namba ya kupandisha, si ya kushusha. Kipimo huonyesha zote mbili, macho yanakimbilia ile kubwa, na ile kubwa karibu siku zote ni ya kushusha.

Sasa YouTube wenyewe wanataka nini? Kwa video ya kawaida ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, 24 hadi 30 kwa sekunde, wanapendekeza Mbps 8 kwa 1080, Mbps 5 kwa 720, na Mbps 35 hadi 45 kwa 4K. Kumbe programu yako haikukosea, ilikupa kiwango cha 4K. Swali ni kama sendofu hii inahitaji 4K. Mjomba ataitazama kwenye simu, labda kwenye runinga ya sebuleni. 4K ina pikseli milioni 8.3 kwa kila fremu, 1080 ina milioni 2.07. Robo. Kwenye skrini ya simu hakuna jicho la mjomba litakaloona tofauti. Kwa maoni yangu, kazi za kumbi zenye taa za rangi na giza katikati zitoke 1080, na 4K ibaki kwako kama akiba.

Kwa Mbps 8, dakika zako 42 zinakuwa GB 2.5. Kwa spidi ileile ya Mbps 3 hiyo ni chini ya saa mbili. Ukishuka hadi Mbps 5 ni GB 1.6, saa moja na dakika kumi. Nisingekushauri ushuke chini ya hapo kwa YouTube, na sababu ni hii: YouTube hubana upya kila video inayopokea, iwe nzito au nyepesi. Unachowapa ni malighafi. Ukiwapa kitu kilichokwisha kukamuliwa, nao wanakikamua tena, ndipo zinapotokea nyuso za udongo. Wape kilicho bora kidogo kuliko kile unachotaka mtazamaji akione.

Kuhusu zipu. Zipu inatafuta marudio ndani ya faili na kuyaandika kwa ufupi. Video imeshafanyiwa hivyo, tena kwa ufundi mkubwa kuliko wa zipu, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kufupisha. Ni sawa na kukamua chicha la nazi ambalo mwenzio amelikamua mara tatu. Vilevile kubadili mkia wa jina kutoka MOV kwenda MP4 hakupunguzi kitu. MOV na MP4 ni makasha tu. Kinachobana ni kodeki iliyomo ndani, yaani ile mbinu ya kubana video.

Kodeki utakazokutana nazo ni mbili. H.264 ni ya mwaka 2003, inachezwa na karibu kila kitu chenye kioo. H.265, jina lake jingine HEVC, ni ya 2013, na iliundwa ili itoe ubora uleule kwa karibu nusu ya bitireti. Mbona basi nisikwambie utumie H.265 tu tumalize? Kwa YouTube unaweza, wanaipokea. Lakini kompyuta ya kawaida itatoka jasho: kazi inayotolewa kwa saa moja kwa H.264 inaweza kukuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Na faili la kumpa mama wa bibi harusi kwenye flashi, likiwa H.265, kuna runinga na kompyuta za zamani zitakazotoa sauti bila picha. Mimi kazi za wateja natoa H.264. Ipo pia AV1 ya mwaka 2018, nzuri sana, lakini kwa laptopu zetu hizi iache kwanza.

Haya, tufanye kazi. Lile faili la GB 11 usilifute. Liite mama. Kutoka kwa mama utazaa watoto: mmoja wa YouTube, mmoja wa flashi, mmoja wa WhatsApp. Kila mtoto azaliwe na mama, asizaliwe na mtoto mwenzake, kwa sababu kila kubana kunapoteza kitu na kilichopotea hakirudi. Niliwahi kufuta mama nikabaki na mtoto mmoja mwembamba, nikijisifu kwamba nimeokoa nafasi kwenye diski. Miezi miwili baadaye baba wa bwana harusi akataka kuionyesha kwenye skrini kubwa siku ya kuvunja kamati. Sitaki kukusimulia ile jioni.

Programu ninayoitumia ni HandBrake. Ni ya bure, ni huria, iko kwa Windows, Mac na Linux, na inapakuliwa kwenye tovuti yake yenyewe, handbrake.fr. Fungua faili la mama, chagua mpangilio uitwao Fast 1080p30. Ukibonyeza kuanza hapohapo utapata kitu kinachofaa, lakini tazama sehemu ya video uone kitelezeshi cha RF. RF ni kipimo cha ubora, na kinakwenda kinyumenyume: namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa. Kwa 1080, kati ya 20 na 24 ndipo pa kuchezea. Kupanda namba sita hivi kunakaribia kukata ukubwa nusu. Kwa YouTube anza na 21.

Uzuri wa RF ni kwamba programu yenyewe inaamua sekunde ipi ipewe biti nyingi na ipi ipewe chache. Ubaya wake ni kwamba hujui faili litatoka na ukubwa gani mpaka limalize. Kwa hiyo usijaribu na dakika zote 42. HandBrake inakuruhusu kuchagua kutoka sekunde fulani hadi fulani. Chukua dakika moja ile ngumu kuliko zote, pale wakwe wanapoingia wakicheza na vitenge vinarushwa, uitoe peke yake, uikague kwenye skrini kubwa. Ikiwa safi, sehemu nyingine zote zitakuwa safi.

Ukiwa na kikomo cha bando, achana na RF, tumia wastani wa bitireti na uwashe kupitia mara mbili. Mara ya kwanza programu inasoma video nzima na kuandika wapi pana fujo, mara ya pili inagawa biti kwa haki. Tuseme una GB 2 tu. MB 2,000 mara 8, gawa kwa sekunde 2,520, ni Mbps 6.3. Toa sauti, toa na kidogo cha tahadhari, andika kbps 6,000 (kilobiti kwa sekunde, sawa na Mbps 6). Faili halitazidi GB 2.

Sauti usiibane kwa uchungu. AAC, kodeki ya sauti, ikiwa ya kbps 160 ni MB 1.2 tu kwa dakika, kwa video yako nzima ni MB 50. Nimeona watu wakishusha sauti mpaka MC anasikika kama yuko ndani ya pipa ili kuokoa MB 20, huku picha imeachwa ikila gigabaiti.

Kama hupendi vitufe na unaweza kuandika amri, FFmpeg inafanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i sendofu.mp4 -vf scale=-2:1080 -c:v libx264 -crf 21 -preset slow -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart sendofu_yt.mp4

CRF hapo ndiyo RF ya HandBrake. Neno slow linaiambia programu ichukue muda wake, na ikichukua muda inabana vizuri zaidi. Hilo faststart la mwisho linaweka faharasa ya video mwanzoni mwa faili, ili mtu akilifungua mtandaoni lianze kucheza kabla halijashuka lote.

Tovuti za kubana video mtandaoni sizipendi, na sababu ya kwanza inachekesha: ili ikupunguzie faili la GB 11 lazima kwanza ulipandishe hilo faili la GB 11. Ya pili haichekeshi. Ni sendofu ya binti wa watu, na hujui faili linabaki kwenye kompyuta ya nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapiga video wengi hawaambiwi. Kazi ya kupunguza faili inaanzia ukumbini.

Kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika au kilichosogea. MC akisimama mbele ya pazia, pazia halisogei, biti zinakwenda kwenye mdomo na mkono wake. Hizo ni sekunde za bei rahisi. Lakini akina mama wakiinuka na magauni ya vipande vinavyomeremeta, taa za DJ zinazunguka, karatasi za rangi zinamwagwa juu ya bibi harusi, kila pikseli imebadilika. Hapo biti zinaliwa kama pilau.

Hayo ndiyo mambo ya sherehe, huwezi kuyazuia. Unachoweza kuzuia ni chengachenga. Ukumbi ukiwa na giza, simu au kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, na picha inajaa vichengachenga vinavyochemka. Wewe unaviona kama uchafu mdogo. Kodeki inaviona kama maelfu ya vitu vinavyosogea kila fremu, na inavilipia biti kana kwamba ni uso wa bibi harusi. Programu haijui kwamba ile ni takataka. Ndiyo maana video mbili za dakika sawa, RF sawa, moja ya mchana pale Coco Beach na nyingine ya ukumbini usiku, ya ukumbini yaweza kuwa nzito zaidi ingawa ni mbaya zaidi. Na ukiinyima biti ndipo ngozi inageuka udongo, kwa sababu kodeki inafuta chengachenga pamoja na sura.

Kwa hiyo taa moja ya LED ya kuweka juu ya kamera, hata ile ndogo inayouzwa Kariakoo, itakuokolea bando kuliko programu yoyote. Stendi nayo hivyohivyo. Mkono ukitetemeka, ukumbi mzima unasogea machoni pa kodeki, pazia pamoja na viti. Kwa video uliyokwisha kurekodi, HandBrake ina kichujio cha kupunguza chenga. Kiweke hafifu. Ukikikoleza kila mgeni atakuwa kama sanamu la nta.

Kuna na taa za kumbi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ambayo haiendani na mpepeso huo, unaona mawimbi ya mwanga yakipita kwenye picha. Si ubaya wa macho tu, kila wimbi ni badiliko la fremu nzima, kwa hiyo ni biti. Weka fremu 25 na shata 1/50 mawimbi yatatulia. Fremu 60 ziache, isipokuwa kipande unachotaka kukipunguza mwendo, kama bibi harusi anapogeuka. Sehemu ya kamera kwenye mipangilio ya iPhone inakwambia bei mapema: dakika moja ya 4K kwa fremu 60 ni kama MB 400, kwa fremu 30 ni kama MB 170, na 1080 kwa fremu 30 ni kama MB 60.

WhatsApp. Ukituma video kama video, inaibana yenyewe bila huruma. Tuma kama hati. Nenda kwenye alama ya kuambatisha, chagua hati badala ya matunzio, itakwenda kama ilivyo, mpaka GB 2. Lakini mwonee huruma na mpokeaji, naye ana bando lake. Kipande cha dakika tatu, 720 kwa Mbps 2.5, ni MB 56 au 60 pamoja na sauti. Kwenye simu ya mama wa bibi harusi kitapendeza.

Kabla hujapandisha, mambo matatu yanayomaliza bando bure. Akaunti ya YouTube ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipokei video ya zaidi ya dakika 15, kwa hiyo kama akaunti ni mpya anza na hilo. Pili ni muziki. Sendofu imejaa nyimbo za watu, na mfumo wa YouTube unaweza kuzitambua na kuizuia video au kuidai. Mimi hutoa kwanza kitoto cha 360 chenye MB mia mbili hivi, nakipandisha kwa siri, nasubiri ukaguzi. Kama kuna wimbo unaoleta taabu, naubadilisha kwa gharama ya MB 200 badala ya GB 2.5. Tatu, kwenye YouTube huwezi kubadilisha faili chini ya kiungo kilekile. Ukikosea jina la bibi harusi kwenye maandishi ya mwanzo, unapandisha upya na kiungo kinakuwa kipya, wakati kile cha kwanza kimeshazunguka kwenye makundi yote ya ukoo.

Mtandao ukikatika njiani usianze upya. Kwenye kompyuta, ndani ya saa 24, rudi ukachague faili lilelile, linaendelea lilipoishia. Usilibadilishe jina wala usiliguse. Na saa kumi alfajiri mtandao wa kwangu hapa Kijitonyama unakuwa mwepesi kuliko saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye tamthilia. Chagua ionekane kwa wenye kiungo tu, mjomba atumiwe kiungo.

Ukiamua kwenda kupandisha kwenye kafe ya intaneti, jua kwamba flashi nyingi zimeumbwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, nayo haipokei faili linalozidi GB 4. Mama wa GB 11 atakataliwa mlangoni, ujumbe utasema faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Mtoto wa GB 2.5 anaingia bila shida. Mchukue huyo, na mama mwache nyumbani kwenye diski mbili tofauti.